Gigahezi si Kasi ya Kompyuta

Kila prosesa hufanya kazi kwa kufuata saa. Saa hiyo haionyeshi majira; ni mapigo ya umeme yanayopanda na kushuka kwa mpangilio usiobadilika, na kila pigo huzisogeza sakiti za ndani hatua moja. Chanzo chake ni kipande kidogo cha fuwele ya kwatzi kilicholehemiwa kwenye ubao mkuu, ambacho hutetemeka kwa kasi ile ile kikipitishiwa umeme. Kutokana na mtetemo huo kompyuta hutengeneza mapigo ya msingi, ambayo kwa mashine nyingi za leo ni megahezi 100, yaani mapigo milioni 100 kwa sekunde. Prosesa huyazidisha: mara 24 hutoa gigahezi 2.4, mara 34 hutoa gigahezi 3.4. Hiyo ndiyo namba inayoandikwa kwenye matangazo ya maduka, na ndiyo wanunuzi wengi huitazama kwanza.

Kinachosahaulika ni kwamba pigo si kazi. Amri nyepesi ya kujumlisha namba mbili humalizika kwa pigo moja, ilhali amri ya kugawanya huweza kula mapigo kumi au zaidi. Prosesa za kisasa hushughulikia amri kadhaa kwa wakati mmoja, lakini ni ngapi hasa hutegemea ujenzi wa ndani, na hapo ndipo kampuni na vizazi vya prosesa hutofautiana. Kasi halisi hutokana na mambo mawili: idadi ya mapigo kwa sekunde, na wingi wa kazi inayokamilika katika kila pigo. La kwanza huandikwa kwenye boksi. La pili haliandikwi popote.

Kwa karibu miaka thelathini jambo hilo halikumuumiza mnunuzi. Intel 4004 ya mwaka 1971 ilifikia kilohezi 740. IBM PC ya mwaka 1981 ilikwenda kwa megahezi 4.77. Machi 2000 AMD ilitangaza prosesa ya gigahezi 1, na Intel ikafuata siku mbili baadaye. Katika safari yote hiyo prosesa mpya ilikuwa na mapigo mengi zaidi na ujenzi bora zaidi kwa pamoja, hivyo aliyechagua namba kubwa hakupotea sana.

Pentium 4 ndiyo iliyovunja uhusiano huo. Ilipoingia sokoni Novemba 2000 kwa gigahezi 1.4 na 1.5, wahandisi wa Intel walikuwa wameigawa kazi ya kila amri katika hatua 20 fupi, karibu mara mbili ya zile za Pentium III. Hatua ikiwa fupi, pigo nalo laweza kuwa fupi, na gigahezi zikapanda. Gharama yake haikuonekana kwa nje. Prosesa hubashiri mapema programu itafuata njia ipi, ili hatua zote ziwe na kazi muda wote. Ubashiri ukikosea, kila kilichokuwa njiani hutupwa na kazi huanza upya. Kadiri hatua zinavyokuwa nyingi, ndivyo hasara ya kila kosa inavyokua. Matokeo yakawa ya aibu: katika programu kadhaa Pentium III ya gigahezi 1 ilikwenda sambamba na Pentium 4 ya gigahezi 1.4, na katika nyingine iliishinda kabisa.

Washindani hawakulala. Julai 2001, jijini New York, Apple iliweka jukwaani kompyuta yake yenye prosesa ya PowerPC G4 ya megahezi 867 dhidi ya Pentium 4 ya gigahezi 1.7. Majaribio yalichaguliwa na Apple yenyewe, kwa hiyo ushindi wake haukumshangaza mtu, lakini hoja ilikuwa sahihi. AMD ilitumia ujanja mwingine. Oktoba mwaka huo ilitoa Athlon XP 1800+, jina lililomfanya mnunuzi afikirie gigahezi 1.8, wakati saa yake ilikuwa gigahezi 1.53. Ilikuwa namba ya kubuni, ingawa pengine ilikuwa na ukweli zaidi kuliko gigahezi halisi za jirani yake.

Mbio zenyewe zilimalizwa na joto. Umeme unaoliwa na prosesa hukua kulingana na idadi ya mapigo na kipeo cha pili cha volti, na saa haiwezi kuongezwa sana bila volti nayo kuongezwa. Vyote viwili vikipanda kwa asilimia 20, matumizi ya umeme hupanda kwa takriban asilimia 73. Mwaka 2004 Pentium 4 ilikuwa na hatua 31, ikafika gigahezi 3.8, na wasanidi wa vipoza joto walitakiwa kujiandaa kwa wati 115. Oktoba mwaka huo huo Intel ilitangaza kwamba toleo la gigahezi 4 lililokuwa limeahidiwa halitatoka. Julai 2006 ilileta Core 2 Duo. Toleo lake la E6600 lilikuwa na gigahezi 2.4 na wati 65 tu, na liliiacha mbali Pentium 4 ya gigahezi 3.8.

Tangu hapo transista za ziada zimekwenda kwenye viini. Prosesa yenye viini vinne ni kama prosesa nne ndani ya kipande kimoja cha silikoni, mradi programu iwe imeandikwa kwa namna inayoruhusu kazi kugawanywa. Saa nayo haina tena kasi moja. Kuna kasi ya msingi, ambayo mtengenezaji huidhamini prosesa inapofanya kazi nzito bila kupita kiwango cha joto kilichopangwa, na kuna kasi ya juu, ambayo hufikiwa kwa muda mfupi, mara nyingi na kiini kimoja au viwili.

Maduka ya laptopu zilizotumika Nairobi na Dar es Salaam yana mfano mzuri wa mkanganyiko huu. HP EliteBook 840 G3 mara nyingi huwa na Core i5-6300U, na Windows huiandika kuwa ya 2.40GHz. EliteBook 840 G5 huweza kuwa na Core i5-8250U, ambayo huandikwa 1.60GHz. Kwa anayesoma namba pekee, G5 ni hasara: bei juu, gigahezi chini. Ukweli ni kinyume. Prosesa zote mbili zimepangiwa wati 15, lakini ya G3 ina viini viwili na ya G5 ina vinne. Kasi ya msingi ya 1.6 iko chini kwa sababu wati zile zile zinagawanywa kwa viini mara mbili. Kiini kimoja kikifanya kazi peke yake, G5 hupanda hadi gigahezi 3.4, wakati G3 huishia 3.0. Kwa kazi ndogondogo G5 iko mbele kidogo. Kwa kazi inayogawanyika, kama kuhariri video, iko mbele sana.

Namba ya juu nayo hupotosha. Laptopu mpya za bei nafuu zenye Celeron N4020 hutangazwa kuwa zinafika gigahezi 2.8, karibu sawa na G3. Lakini viini vyake vilibuniwa kubana umeme, na hufanya kazi ndogo zaidi katika kila pigo. EliteBook hiyo iliyotumika itaishinda mashine mpya iliyotolewa kwenye boksi.

Hata saa nzuri hukaa bure ikisubiri. Kwa gigahezi 3, pigo moja huchukua thuluthi moja ya nanosekunde, muda ambao mwanga husafiri sentimita 10 tu. RAM hujibu baada ya nanosekunde zipatazo 70 hadi 100, sawa na mapigo 200 au 300. RAM isipotosha, kompyuta hugeukia diski, na huko kusubiri ni kwa mapigo ya mamilioni. Ndiyo maana kubadilisha diski ya kuzunguka na kuweka SSD hufufua laptopu ya zamani ambayo gigahezi zake hazijaguswa.

Kwa hiyo gigahezi hulinganishwa kwa haki ndani ya familia moja, kizazi kimoja na idadi moja ya viini. Nje ya hapo, jina kamili la prosesa lina maana zaidi, kwa sababu ndilo linaloonyesha kizazi chake. Kwa laptopu iliyotumika kuna jaribio rahisi: kufungua Task Manager ya Windows, kuipa laptopu kazi nzito kwa dakika kumi, na kutazama kasi inayosomeka. Ikishuka chini ya kasi ya msingi na kubaki huko, mara nyingi feni imejaa vumbi au pesti ya kupitisha joto imekauka, na namba ya kwenye lebo haina tena thamani.

Microsoft yenyewe huandika kwamba Windows 11 inahitaji prosesa ya angalau gigahezi 1 yenye viini viwili. Core i5-6300U inavuka kipimo hicho cha saa zaidi ya mara mbili, lakini haimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa. Core i5-8250U imo.