Weusi Ulioachwa na Kisu

Wapanda farasi wanne wanakwenda mbio kutoka kushoto. Mmoja ana upinde, mwingine upanga, wa tatu anatikisa mizani. Chini yao wa nne, Mauti, kizee juu ya farasi aliyekonda, anapita juu ya walioanguka, na zimwi limekwisha kumwasamia mtawala kinywa.

Picha hii, chapa ya ubao uliochongwa yenye kimo cha sentimita 39 hivi, ilitolewa Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1498. Ni mojawapo ya 15 ambazo Albrecht Dürer, mwana wa mfua dhahabu, alizichora kwa kitabu cha Ufunuo wa Yohana.

Mimi ni mchonga mbao, na kinachonishika hapa ni mistari. Kila uonapo weupe, kisu kilipita. Kila uonapo weusi, kisu kiliuacha mti. Ili ubaki mstari mmoja mwembamba kama unywele, ubao hukatwa pande zake zote mbili. Mistari ikipishana, kila kijipembe kati yake huchimbuliwa peke yake. Mkono ukiteleza, mstari umekatika. Ndiyo maana mafundi wa zama zile walipenda mti wa mpea, ambao nyuzi zake ni laini na zimeshikana. Tena yote huchorwa kinyume, kwa kuwa karatasi hugeuza kushoto kuwa kulia.

Ubao ulipakwa wino wa masizi na mafuta ya kitani, ukawekewa karatasi yenye unyevu, kisha ukagandamizwa kwa mashine.

Kabla ya Dürer, picha nyingi za mbao zilikuwa na mistari michache ya kuzungushia umbo, zikingoja kupakwa rangi kwa mkono. Dürer aliisonganisha mistari ikawa kivuli, akaitawanya ikawa nuru. Rangi haikuhitajika tena. Katika kitabu chake picha ilipewa ukurasa mzima, na maneno yakawekwa nyuma yake.

Alikichapisha mwenyewe, kwa Kijerumani na kwa Kilatini, na mkewe Agnes aliuza chapa zake masokoni. Asiyeweza kumlipa mchoraji aliweza kununua karatasi. Mwaka 1511 mbao zilezile zilitumika kuchapa tena.

Ukiiona picha hii, usiishie kuwaogopa wapanda farasi. Tazama mawingu nyuma yao, uhesabu mistari ya kipande kidogo tu. Hapo utajua kazi hii ilidai subira kiasi gani, na kwa nini fundi wake anastahili heshima.