Alizeti na Pumu ya Ngozi

Pumu ya ngozi, ambayo kitabibu huitwa ukurutu, mara nyingi huanza utotoni. Ngozi hukauka na kuwasha, na mtoto hujikuna usiku hadi mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti ichubuke. Chanzo kimojawapo ni udhaifu wa tabaka la juu kabisa la ngozi, ambako mafuta huziba nafasi kati ya seli zilizokufa. Mafuta hayo yakipungua, maji ya mwilini hutoka, na vijidudu pamoja na vichochezi vya mzio hupenya. Hewa kavu huongeza adha, na mkoani Katavi, Tanzania, kiangazi huanza takriban Mei na kufika hadi Oktoba.

Kiungo muhimu cha mafuta hayo ni asidi ya linoleiki, ambayo mwili hauwezi kujitengenezea. Mwaka 1929, George na Mildred Burr wa Chuo Kikuu cha Minnesota walionyesha kwamba panya walionyimwa mafuta katika chakula waliota magamba kwenye ngozi. Alizeti, inayolimwa Mpanda mkoani Katavi na wilaya jirani pamoja na mahindi, mpunga na tumbaku, ina asidi hii kwa wingi: katika mbegu za kawaida huzidi nusu ya mafuta yote. Joto kali wakati punje zinajaa huipunguza na kuongeza asidi ya oleiki, hivyo mafuta ya shamba moja hayalingani kabisa na ya shamba jingine.

Tofauti hiyo ina uzito. Watafiti wa Sheffield, Uingereza, waliripoti mwaka 2013 kwamba mafuta ya zeituni, yaliyojaa asidi ya oleiki, yalidhoofisha ngozi ya watu wazima na kuleta wekundu kidogo, ilhali ya alizeti hayakuidhuru na yaliiongezea unyevu. Ila utafiti wa baadaye wa Manchester kwa watoto wachanga 115 ulipunguza shangwe: mafuta yote mawili yaliongeza unyevu, lakini yalichelewesha mpangilio wa mafuta ya asili ya ngozi. Kwa hiyo kumpaka kichanga mafuta ya kupikia si jambo la kushabikia.

Kumeza mafuta ya mimea nako hakujasaidia. Vidonge vya mafuta ya mmea wa Oenothera, vilivyosifiwa kwa miaka mingi, viliondolewa kibali cha kutibu ukurutu Uingereza mwaka 2002, na uchambuzi wa tafiti wa mwaka 2013 haukuona manufaa yake. Kwa kupaka, mafuta ya nazi yana ushahidi bora kidogo. Huko Ufilipino, katika jaribio la watoto 117 lililochapishwa mwaka 2014, yalileta nafuu kuliko mafuta ya madini.

Mafuta ya alizeti ya mashineni huuzwa ghafi, na chupa zikipangwa barabarani juani, asidi ya linoleiki huharibika upesi. Mafuta yenye harufu ya kuchacha yanaweza kuiwasha ngozi.

Hatari kubwa zaidi ni krimu zinazoitwa za mitishamba. Birmingham, Uingereza, mwaka 2003, nyingi kati ya zilizopimwa zilikutwa na steroidi kali zilizofichwa. Steroidi yenyewe ni dawa halali ya pumu ya ngozi, lakini kipimo chake hupangwa na mtabibu. Ikitumiwa ovyo usoni mwa mtoto, hukondesha ngozi. Kwa ukavu wa kila siku, mafuta ya mgando yasiyo na manukato, yakipakwa mara baada ya kuoga, huzuia maji yasitoke, na maduka ya mtaani Mpanda huyauza.