JE, ZIMWI HILI LAFAA WATOTO?

Wahenga walinena kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ndugu msomaji, zimwi ninalotaka kukusimulia habari zake nililijua vizuri, na ni mimi mwenyewe niliyelileta hadi mbele ya watoto wa shule ya msingi. Hata hivyo lilimng'ata mtu wa nyumbani kwetu. Zimwi lenyewe ni la kijani, masikio yake yamechomoza kama tarumbeta, na jina lake ni Shrek.

Mambo yalianza hivi. Muhula wa pili Chama chetu cha Kiswahili kilialika watoto wa Gredi ya tatu hadi ya tano kutoka shule jirani hapa Kitui. Mpango ulikuwa asubuhi wasimuliwe ngano, na baada ya chakula waonyeshwe filamu. Mwalimu mlezi wa chama akauliza ni nani atakayechagua filamu. Nikainua mkono mbio mbio, maana likizo ya Aprili nilikuwa nimeitazama Shrek kwa shangazi yangu kule Wote, Makueni, nikacheka hadi mbavu zikauma.

"Inafaa watoto?" Mwalimu akauliza.

"Ni katuni, Mwalimu," nikajibu.

Jibu hilo ndilo limenifanya niandike makala haya.

Kwanza nieleze filamu yenyewe kwa wale ambao hawajaiona. Shrek ilitoka Marekani mwaka 2001, na asili yake ni kitabu cha watoto cha William Steig kilichotoka mwaka 1990. Mwaka 2002 ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tuzo ya aina hiyo kutolewa. Hadithi yake inachukua ngano za Wazungu na kuzipindua kichwa chini miguu juu. Katika ngano hizo zimwi hula watu na mwana wa mfalme huokoa binti. Hapa zimwi ndilo linalotumwa kumwokoa binti, Fiona, likiandamana na punda asiyejua kunyamaza. Aliyelituma ni Lord Farquaad, mtawala mkatili na mfupi wa kimo, ambaye anataka kumwoa Fiona ili awe mfalme. Mwishowe Fiona anampenda zimwi, naye mwenyewe anabaki zimwi badala ya kugeuka mrembo. Hivyo watoto wanafundishwa kwamba sura si tabia. Fundisho zuri, sivyo?

Hata mimi niliona hivyo.

Sasa tuangalie wakubwa wanasemaje. Hapa Kenya filamu huainishwa chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, na kazi hiyo ilikabidhiwa Bodi ya Kuainisha Filamu. Daraja zake ni nne. Ya kwanza ni GE, yaani filamu ya watu wote. Ya pili ni PG, mtoto atazame kwa uelekezi wa mzazi. Halafu kuna 16 na 18, ambazo ni za waliofikisha umri huo. Kwa upande wa televisheni, saa za kulinda watoto huanza saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku.

Jambo la kushangaza ni kwamba wakubwa wenyewe huwa hawakubaliani. Uingereza waliipa Shrek daraja la watu wote. Marekani, ambako ndiko ilikotengenezwa, waliipa PG. Filamu ni ile ile, hakuna hata punje iliyobadilishwa! Na hapa kwetu, mwezi wa Juni 2017, Bodi ilipiga marufuku katuni sita za televisheni, zikiwemo Hey Arnold, The Loud House na Adventure Time, ikisema zinaeneza ushoga kwa watoto. Watu walibishana sana, kila mtu na lake. Ninalotaka ulichukue hapo ni moja tu: neno "katuni" peke yake halimwambii mzazi lolote. Katuni ni namna ya kuchora, kama vile "kitabu" ni karatasi zilizoshonwa pamoja. Ndani kunaweza kuwa na chochote.

Basi ndani ya Shrek kuna nini? Baada ya yaliyotokea niliitazama tena mara mbili, kalamu mkononi, mambo ambayo nilipaswa kuyafanya kabla. Nikayagawa mafungu manne.

Fungu la kwanza ni uchafu. Filamu inaanza zimwi likiwa msalani, na ukurasa wa kitabu cha hadithi ndio linaotumia kujipangusia. Kuna kucheua, kuna matope, kuna nta ya masikio. Watoto walipiga kelele za furaha hadi dirisha likatetemeka. Mwalimu mmoja alikunja uso, lakini kusema ukweli sioni madhara. Mtoto wa Ukambani anayechota maji mtoni na kuchunga mbuzi hajafundishwa uchafu na katuni.

Fungu la pili ni maneno ya watu wazima. Yapo mengi yenye maana mbili. Hata hivyo filamu iko katika Kiingereza cha haraka, na watoto wa Gredi ya tatu hawakushika hata nusu. Walimcheka punda kwa sababu alikuwa punda anayeongea, na punda wa kwetu kazi yake ni kubeba mitungi ya maji bila kusema neno. Kwa hivyo mzaha mwingi uliwapita juu ya kichwa. Lakini kumbuka, kama mtu angekaa pale akitafsiri kwa Kiswahili, kama wanavyofanya wale wanaosimulia filamu katika mabanda ya video, hesabu ingebadilika.

Fungu la tatu ni ukatili na woga. Kijitu cha mkate wa tangawizi kinavunjwa miguu kikihojiwa. Fiona anaimba sauti ya juu hadi ndege anapasuka, kisha mayai ya ndege huyo yanakaangwa kuwa staftahi. Kuna dubu watatu waliofungiwa, na baadaye ngozi ya mama dubu inaonekana imetandikwa sakafuni chumbani mwa Farquaad. Jambo hilo hupita upesi sana. Mimi sikuliona mara ya kwanza. Siku ile yetu, msichana mmoja wa Gredi ya tatu aliliona na akauliza kwa sauti, "Mama yao wamemuua?" Hakuna aliyemjibu, kwa sababu wote tulikuwa tukicheka kitu kingine.

Na kule Wote, binamu yangu wa miaka minne alipoona joka likitema moto alikimbilia jikoni kwa mamake na akakataa katakata kurudi. Yule wa miaka kumi na mmoja alikuwa akipiga makofi. Joka ni lile lile, nyumba ni ile ile, watoto wa mama mmoja.

Fungu la nne ndilo lililonipata, nami sikuwa nimelifikiria kabisa. Ni kuhusu nani anayechekwa.

Filamu inatuambia tusimcheke Shrek kwa sababu ya sura yake. Sawa. Lakini filamu hiyo hiyo inamcheka Farquaad kwa ufupi wake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Shrek na punda wanamtungia mizaha ya kimo njiani. Anapofika juu ya farasi, miguu anayoonekana nayo ni ya bandia. Askari anamshusha kama mtoto, na hapo ndipo kila mtu huangua kicheko. Tulicheka. Nilicheka mimi nikiwa nimesimama kando ya mashine, mwenye filamu, nikijisikia mtu mkubwa.

Ndugu yangu mdogo alikuwa ameketi safu ya pili. Yuko Gredi ya nne, na kwa kimo anapitwa na wote darasani mwake, hata na wasichana. Jumatatu alirudi nyumbani kimya. Jumanne asubuhi alisema tumbo linamuuma. Mama akampa uji, akamgusa paji la uso, akasema, "Wee, huna joto." Jumatano tumbo tena. Ndipo nilipomvuta kando nyuma ya tangi la maji nikamuuliza. Akaniambia darasa zima linamwita Lodi. Akipita wanapiga magoti na kutembea kwa magoti. Halafu akaniuliza, "Dada, kwani ni wewe uliwaletea hiyo kitu?"

Sikuwa na jibu. Kweli ni mimi.

Najua kuna atakayesema watoto hutaniana tu, filamu isingekuwepo wangepata jina jingine. Huenda. Lakini mwaka mzima walikuwa wakimwita kwa jina lake. Jina la Lodi lilianza Jumatatu ile.

Jambo hili lilinirudisha kwa nyanya yangu, ambaye sisi kwa Kikamba humwita Susu. Ngano zake zinatisha kuliko Shrek mara kumi. Eimu la ngano zake linameza watu kijiji kizima, ng'ombe na mbwa juu yake, hadi shujaa alikate kidole na wote watoke hai. Mbona hatukuwahi kukimbia? Nilimuuliza. Susu akacheka, akasema yeye husimulia huku akituangalia machoni. Akiona mdogo ameanza kushika nguo yake, anampa eimu usingizi mapema. Akiona wakubwa wanasinzia, anaongeza meno. Na ngano ikiisha yeye hauendi moto kuulaza, anakaa aulizwe maswali.

Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alizikusanya ngano kama hizo na kuzichapisha katika kitabu Akamba Stories mwaka 1966. Zimo kitabuni hadi leo, za kutisha na za kuchekesha. Tofauti haiko katika ngano kuwa safi na katuni kuwa chafu, la hasha! Tofauti ni kwamba msimulizi anamwona mtoto, na skrini haimwoni. Joka la Wote halikujua kwamba kuna mtoto wa miaka minne aliyeingia jikoni. Liliendelea kutema moto.

Basi herufi mbili zile, PG, zina maana kubwa kuliko nilivyodhani. Zinasema kazi ya kumwona mtoto ameachiwa mtu aliyeketi kando yake. Lakini ni nani huyo vijijini kwetu? Baba yuko Nairobi au Mombasa kikazi, Mama yuko shambani akivuna ndengu, na flashi imeazimwa kwa jirani. Mwelekezi ni wewe, mwanafunzi wa sekondari, uliyebaki na wadogo zako. Kwa hiyo nakuomba ufanye haya, ambayo mimi sikuyafanya.

Itazame filamu yote mwenyewe kabla yao, hadi mwisho, na usiitazame kwa macho yako. Jiulize yule mdogo ataona nini. Pili, jiulize ni nani anayechekwa na ni kwa sababu gani. Akichekwa kwa uchoyo au majivuno yake, hayo mtu anaweza kuyaacha. Akichekwa kwa ufupi, rangi, kigugumizi au mguu wake, tazama kama kuna mtoto wa namna hiyo kati ya wale walioketi. Tatu, angalia woga unachukua muda gani kabla ya kutulizwa, na uwe tayari kusimamisha picha. Nne, kaa nao, na filamu ikiisha usizime taa ukaondoka. Waulize maswali. Swali la mama dubu lilistahili jibu.

Hukumu yangu juu ya Shrek basi ni ipi? Watoto wa chini ya miaka sita nisingewaonyesha. Kuanzia miaka minane hivi nitawaonyesha, tena kwa furaha, mradi pawe na mtu mkubwa wa kuzungumza nao. Ni filamu nzuri na nimeicheka tena hata nilipoitazama kwa kalamu. Lakini sehemu ya Farquaad na farasi sitaipitisha bila kuisimamisha.

Wiki iliyofuata niliomba ruhusa kwa mwalimu wa Gredi ya nne nikaongee na darasa lake. Niliwauliza kwa nini si vizuri kumcheka Shrek. Wakajibu kwa pamoja, "Kwa sababu hakujiumba!" Nikauliza, "Na Lodi?" Mvulana mmoja akasema, "Huyo ni mbaya." Nikamuuliza, "Ubaya wake ni kimo ama ni vile alivunja miguu ya mkate wa tangawizi?" Darasa likanyamaza. Mvulana akaangalia meza. Nikawaambia pia kwamba kosa la kwanza lilikuwa langu, kwa sababu filamu niliichagua mimi na nilicheka mahali pale pale walipocheka wao.

Jina lile halijaisha kabisa. Bado hulisikia uwanjani mpira ukichacha. Lakini tumbo limeacha kumuuma, na juzi aliniomba tuitazame tena Shrek sisi wawili tu. Tulipofika kwa farasi nilinyoosha kidole kubonyeza kitufe. Akaushika mkono wangu akasema, "Acha tu iendelee, nataka kuona joka likimmeza."

Nami nikaacha, lakini sikuondoka kando yake.