Lushoto kwenye ukungu, pool haivunjwi kwa mabavu

Shabiki wa soka hahitaji kufundishwa tofauti ya kupiga na kubutua. Ameshawaona wapiga penalti wanaokuja mbio kutoka mbali na mpira unaishia jukwaani, na ameshawaona wanaotembea hatua tatu tu, kipa akabaki ameduwaa. Kwenye pool tofauti hiyo inaonekana ndani ya sekunde moja, pale mpira mweupe unapoivaa ile mipira 15 iliyopangwa pembetatu. Na kama unataka kuiona vizuri, panda Lushoto.

Unaacha barabara kuu pale Mombo, unakula kona zaidi ya kilomita 30, unapita Soni, unafika mjini ukiwa mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mombo umewaacha watu na fulana. Huku juu, mwezi wa saba, wachezaji wanashika fimbo wakiwa ndani ya makoti. Meza iko barazani au kwenye banda lililo wazi upande mmoja, na ukungu unaingia na kutoka kama mteja.

Sasa mlete kijana aliyezoea meza za Dar, amepanda kusalimia wazee wakati wa sikukuu. Anaweka mweupe, anavuta mkono hadi mwisho, paa! Mipira mitatu minne inajikongoja pembeni, iliyobaki imekaa palepale kama baraza la wazee. Mgosi aliyekuwa anasubiri zamu anacheka kimoyomoyo, anapaka chaki, anasogea.

Wapo wanaosema ni mwinuko, wengine wanaleta habari za ndumba. Hewa ya mlimani haina ubavu wa kuuzuia mpira wa pool. Mchawi ni kitambaa. Vitambaa vingi vya meza za tokeni vina sufu yenye nywele fupi, na sufu inanyonya unyevu. Kikishalowa kwa ukungu, mpira unakwama kidogo kila unapobingirika, na vumbi la chaki linageuka kuwa utando kwenye mipira yenyewe. Mipira michafu ikigusana haiteleziani, inang'ang'aniana. Ndiyo maana mkwaju uleule uliotawanya mipira yote Tanga mjini saa nane mchana, Lushoto saa mbili usiku unafungua nusu tu.

Wengi wakiona hivyo wanaongeza nguvu. Hapo ndipo wanapoliwa. Ukiongeza nguvu unapoteza shabaha, na mweupe ukiukosa uso wa mpira wa kwanza kwa upana wa kucha tu, nguvu yote inaenda ubavuni na mweupe unakimbilia shimoni. Umelipa tokeni, umevunja, umefanya faulo, unakaa benchi. Na kawaida ya meza zetu mnaijua: mshindi anabaki mezani, aliyefungwa anarudi mwisho wa foleni. Usiku wa watu wengi, mkwaju mmoja mbovu unaweza kukugharimu saa nzima ya kutazama wenzako.

Dawa ya kwanza iko kwenye meza, wala haihitaji misuli. Meza ikipigwa brashi na kufunikwa turubai mara mchezo unapoisha, kitambaa kinabaki hai. Mipira ikifutwa kwa kitambaa kikavu kabla ya kupangwa, utaona tofauti siku hiyohiyo. Wenye meza wengi ni wavivu wa hili, nasema wazi, halafu wanashangaa wateja wanahamia meza ya jirani.

Dawa ya pili ni kupanga, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wachezaji wazuri wanapoibiwa mchana kweupe. Nguvu inasafiri kutoka mpira hadi mpira kwa kugusana. Kukiwa na upenyo, hata wa unene wa karatasi, sehemu ya nguvu inaishia hapo. Kwenye kitambaa chenye unyevu au chenye vishimo vya uchakavu, mipira inarudi nyuma kidogo mara fremu inapoinuliwa. Mpangaji asiye na haraka anaibana kwa vidole kutoka nyuma, anaisukuma yote mbele kwa pamoja, kisha anainua fremu taratibu bila kuitikisa. Kama anayekupangia ni mpinzani wako, una haki ya kuinama na kuangalia. Mpira wa kwanza lazima uwaguse wote wawili walio nyuma yake. Ukiona mwanga unapita katikati, mwambie kwa heshima, "Kaka, panga tena." Akinuna, ujue alijua.

Halafu kuna siri ya mweupe wenyewe. Chukua mpira mweupe wa meza ya tokeni, uweke bega kwa bega na mpira wa rangi. Kwenye meza nyingi utaona mweupe ni mdogo. Hiyo ni kazi ya mashine: udogo ndio unaoiwezesha kuutambua mweupe ukizama na kuurudisha, huku mipira mingine ikimezwa mpaka tokeni ijayo. Kipenyo cha mipira ya rangi ni karibu milimita 51, cha mweupe karibu 48. Milimita tatu ni kitu gani? Kwa uzito ni karibu asilimia 18 pungufu. Yaani unamtuma winga mwembamba akavunje ukuta wa mabeki 15.

Winga akimgonga beki kifua kwa kifua, anayerudi nyuma ni winga. Ndivyo mweupe unavyofanya, na ndiyo sababu masomo ya kwenye simu yanawapoteza vijana wetu. Wanamtazama Mmarekani Shane Van Boening, ambaye uvunjaji wake ni wa kuogopwa duniani, wakasahau kwamba yeye yuko kwenye meza ya futi 9, kitambaa laini kisicho na nywele, mweupe una ukubwa sawa na mipira mingine. Anayeiga kwa kuupiga mweupe chini ya kitovu kwenye meza ya tokeni anauongezea mzunguko wa kurudi nyuma, wakati wenyewe ulikuwa unarudi tayari. Unaishia mashimo ya upande wake. Kama mweupe wa meza yako ni mdogo, upige katikati kabisa, au juu ya kitovu kwa kidogo sana. Utagonga, utarudi hatua chache, utatulia karibu na katikati ya meza, mahali ambapo unaona kila shimo.

Kuna wanaovunja kutoka ubavuni, wakilenga mpira wa safu ya pili. Ni mzuri ukishakomaa. Kwa anayejifunza, weka mweupe karibu na katikati ya mstari, lenga mpira wa kwanza uso kwa uso, basi.

Kwenye mkono, shika fimbo kama unavyomshika kifaranga. Anayeikaba hadi vifundo vinakuwa vyeupe anafunga kiwiko, na kiwiko kikifungwa fimbo inayumba. Vuta nyuma taratibu, anza mbele taratibu, kasi iongezeke mwishoni, na fimbo iendelee mbele baada ya kugusa mweupe. Mchezaji wa soka anaijua hiyo: mguu unaosimama mara unapogusa mpira hautoi shuti. Kitako cha fimbo kikae chini kadiri ukingo wa meza unavyoruhusu. Ukikiinua unaupiga mweupe kwa juu, unaruka, na unaoruka ndio unaotoka mezani kwenda kutafutwa chini ya viti. Kichwa kibaki chini mpaka usikie mlio wa mipira kugongana. Na nguvu? Robo tatu ya uliyonayo inatosha. Robo inayobaki ndiyo inayokulindia shabaha.

Zoezi la hili halimezi tokeni. Kabla mipira haijapangwa, chukua mweupe peke yake, upige katikati ya meza moja kwa moja hadi ukingo wa mbali. Ukirudi kugusa ncha ya fimbo yako, mkono wako umenyooka. Ukirudi pembeni, unaupaka mzunguko bila kujua, na hakuna nguvu itakayokuokoa. Mara 10 zinatosha, ingawa wa kwenye foleni watakupigia kelele. Asubuhi meza ni tupu, lakini tangu Rais John Magufuli alipowakemea hadharani, mwaka 2016, vijana wanaoshinda kwenye pool saa za kazi, mcheza pool wa asubuhi anatazamwa kwa jicho la pembeni. Fanya jioni, ukitoka shamba.

Kwa anayewaza mbele ya tokeni, jambo hili ni zito zaidi. Enzi za mashindano ya taifa ya Safari Pool, yaliyodhaminiwa na bia ya Safari Lager chini ya chama cha mchezo huo, TAPA, watu waliona kuwa kijana wa baa ya mtaani anaweza kuvaa jezi ya mkoa wake. Na meza ya mashindano haina huruma ya kijiweni. Kwa kanuni za blackball, zinazotumika kimataifa kwenye meza ndogo, ukivunja lazima angalau mpira mmoja uzame, au angalau mipira miwili ya rangi ivuke mstari wa mashimo ya kati. La sivyo ni faulo, mipira inapangwa upya na mpinzani ndiye anayevunja. Yule mgeni wetu wa sikukuu, na mipira yake iliyojikongoja, angepoteza zamu hapohapo.

Mgosi wa Lushoto aliyejifunza kuvunja kwenye kitambaa chenye ukungu akishuka Tanga kukavu, mipira inamkimbia kama imepakwa mafuta. Apunguze mkono kidogo tu. Na koti alivue kabla ya kuinama, maana mkono wa koti ukigusa mpira wowote mezani, hiyo nayo ni faulo.