Kalemie: Mwanga ukiwaka pembeni, jicho la dereva linachelewa

Mwendesha pikipiki anayepita usiku kwenye avenue Lumumba, mjini Kalemie, anaweza kuamini kwamba anaona kila kitu kilicho mbele yake. Uchunguzi wa wataalamu wa macho na ubongo unaonyesha jambo jingine. Kitu kikitokea ghafla pembeni, kama taa au kioo cha simu, jicho linachelewa kusogea kuelekea pale linapotakiwa kutazama, hata kama mwenyewe hakitaki kitu hicho.

Jicho halitembei polepole kama mtumbwi kwenye maji yaliyotulia. Linaruka kutoka sehemu moja hadi nyingine, karibu mara tatu kwa kila sekunde. Kwa Kifaransa mruko huo unaitwa saccade. Wakati wa kuruka, mtu haoni vizuri. Anaona pale jicho linapotua. Kwa kawaida, kutoka kitu kinapotokea hadi jicho lianze kukiendea, zinapita milisekunde 200 hivi, yaani sehemu moja ya tano ya sekunde.

Mwaka 1997, Robin Walker, Heiner Deubel, Werner Schneider na John Findlay walichapisha majaribio kuhusu jambo hili. Watu walitakiwa kuangalia alama fulani mara inapotokea. Alama ya pili ilipojitokeza mbali na ile ya kwanza, macho yalichelewa kuondoka, ingawa walijua kwamba hiyo ya pili haiwahusu. Katika majaribio ya namna hii, ucheleweshaji huwa wa milisekunde 20 hadi 40.

Sababu iko ndani ya ubongo. Katika shina la ubongo kuna sehemu ndogo inayoongoza mienendo ya macho. Baadhi ya chembe zake hulishikilia jicho mahali lilipo, nyingine hulisukuma liruke. Alama mbili zikitokea pamoja, chembe hizo zinavutana, na jicho linabaki palepale hadi upande mmoja ushinde.

Na kama alama ya pili iko karibu na ile inayotafutwa? Hapo jicho halichelewi sana, lakini mara nyingi linatua katikati ya hizo mbili. Inalazimu liruke tena, na muda mwingine unapotea.

Milisekunde 40 zinaonekana kuwa kitu kidogo. Lakini pikipiki inayokwenda kilometa 40 kwa saa inapita mita 11 kila sekunde. Katika ucheleweshaji huo inasogea karibu nusu mita, na dereva bado hajaanza hata kugusa breki. Barabarani taa haiwaki mara moja tu: kuna gari linalokuja, balbu za maduka, tochi ya mtu anayevuka.

Simu ni hatari zaidi, kwa kuwa hapo dereva mwenyewe ndiye anayehamisha macho. Akisoma ujumbe kwa sekunde mbili, kwa mwendo uleule, anapita mita 22 bila kutazama njia. Ndani ya mita hizo anaweza kuwemo mtoto, au mtu anayesukuma baiskeli yenye magunia ya makala. Usiku ambapo umeme wa Bendera umekatika, watu hao hawana mwanga wowote wa kuwaonyesha, na kioo cha simu ndicho kinachong'aa kuliko vyote mbele ya dereva.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema kwamba dereva anayetumia simu ana uwezekano wa kupata ajali mara nne hivi kuliko asiyeitumia. Shirika hilo linakadiria kuwa ajali za barabarani zinaua watu milioni 1.19 duniani kila mwaka. Sheria ya barabara ya nchi yetu ilitiwa sahihi tarehe 30 Agosti 1978, wakati simu za mkononi hazijafika kwetu.

Wavuvi wa ziwa Tanganyika wanajua nguvu ya mwanga: usiku wa giza huwasha taa ili kuwavuta ndagala. Jicho la mtu nalo linavutwa, na hakuna dereva anayeweza kuliamuru lisivutwe kabisa. Anachoweza ni kupunguza vinavyolivuta. Simu ikae mfukoni, na ikilia, asimame kando ya njia kabla ya kuitikia. Abiria naye asimnyooshee dereva simu ili amwonyeshe namba au picha. Anayepishana na mwenzake ateremshe taa zake.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Pale ambapo taa haziepukiki, kinachobaki ni mwendo. Kwa kilometa 20 kwa saa, sekunde mbili za kutoona ni mita 11 badala ya 22, na mita hizo 11 zinaweza kumwokoa anayevuka.