KOMPYUTA NA KIOO CHA MWANAFUNZI WA UBUNIFU: TUNUNUE IPI?



Ndugu wazazi na wanafunzi wetu, kila matokeo ya kidato cha nne na cha sita yanapotoka, wapo wazazi wanaotujia madrasa na swali ambalo zamani halikuwepo. Kijana amepata nafasi ya kusomea ubunifu wa michoro, yaani kazi ya kutengeneza mabango, majalada ya vitabu, kadi za harusi, nembo na kurasa za magazeti, na chuo kinamtaka awe na kompyuta yake mwenyewe. Fedha ipo, nayo ni ya jasho: ya dagaa wa Kibirizi na Katonga, ya mawese, au imetumwa kwa simu na kaka aliyeko Dar es Salaam. Mzazi anauliza, "Ustadhi, tununue ipi?"

Swali hili si dogo. Familia inayoishi kwa ziwa inajua fedha inavyokatika. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu mizima, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Nyumba ya namna hiyo ikikosea kununua mashine, haina ya kununulia nyingine. Nasi tumeshuhudia fedha ya msimu mzima ikiishia kwenye laptopu ambayo muhula wa kwanza haukuisha kabla haijaonekana haifai kwa kazi iliyonunuliwa.

Rai yetu tuitaje mapema. Usinunue jina wala stika iliyobandikwa. Nunua kioo kinachoonyesha rangi kwa ukweli, RAM ya kutosha, na prosesa ambayo haijapitwa na wakati. Mengine yote yanaweza kusubiri.

KIOO KWANZA

Watu wengi wakienda dukani huuliza prosesa kwanza na kioo mwisho, au hawakiulizi kabisa. Kwa mwanafunzi wa uhasibu hilo halina madhara makubwa, kwa kuwa hesabu haiharibiki kwa sababu ya kioo kibovu. Kwa mwanafunzi wa ubunifu mambo ni kinyume. Tuchukulie mathalani bango la Maulidi la rangi ya kijani. Kijana analitengeneza kwenye kioo kinachovuta kwenye ubuluu. Kwa kuwa anaona kijani chake kina ubuluu mwingi, anaongeza njano mpaka macho yake yaridhike. Bango linarudi kutoka kwa mpiga chapa likiwa na rangi ya majani makavu. Mpiga chapa hakukosea, wala kijana hakufanya uzembe. Kioo ndicho kilichomdanganya.

Vioo vya laptopu zinazouzwa kwetu, hasa zile zilizotumika, ni vya aina mbili kubwa. Aina ya kwanza huitwa TN. Hii ni ya bei ndogo na ndiyo iliyojaa kwenye laptopu za zamani. Ubaya wake ni kwamba rangi hubadilika kadiri unavyobadilisha pembe ya kutazama. Ukilaza kioo nyuma kidogo, weusi unakuwa kijivu na sura ya mtu kwenye picha inaharibika. Aina ya pili huitwa IPS. Hii ukiitazama kwa mbele, kwa pembeni au kwa juu, rangi haiyumbi. Mwanafunzi wa ubunifu atafute IPS, na akiikosa asubiri.

Kuijua hakuhitaji fundi. Omba muuzaji afungue picha ya uso wa mtu ijaze kioo kizima, kisha sogea kushoto, kulia, na uchutame uitazame kwa chini. Uso ukibaki na rangi yake, hicho ni kioo cha kukizingatia. Baada ya hapo fungua ukurasa mweupe mtupu na uchunguze madoa, michirizi na nukta zilizokufa. Fanya hivyo hivyo kwa ukurasa mweusi, ili uone kama mwanga unavuja pembeni.

Kuna pia maandishi ya kusoma. Kipimo cha rangi kinachotumika zaidi kwenye kompyuta na intaneti huitwa sRGB, kilichotungwa na HP na Microsoft mwaka 1996. Kioo kilichoandikwa 100% sRGB kinaweza kuonyesha rangi zote za kipimo hicho. Wengine huandika kwa kipimo cha NTSC, na hapo ndipo wanunuzi wanapochanganyikiwa: 72% NTSC ni karibu sawa na sRGB nzima, lakini 45% NTSC, inayopatikana kwenye laptopu nyingi za bei nafuu hata zikiwa mpya, ni asilimia 60 na ushei tu ya sRGB. Kioo cha namna hiyo kikiwa ni IPS kinafaa kujifunzia, ila rangi za mwisho zisiamuliwe juu yake.

Ama kuhusu wingi wa nukta, usishuke chini ya 1920 kwa 1080. Vioo vya zamani vya 1366 kwa 768 vina karibu nusu tu ya nukta hizo, na programu za michoro zimejaa visanduku na vitufe pembeni, hivyo nafasi ya kuchorea inabaki kama kiganja. Pendelea pia kioo kisichong'aa. Kwa jua letu la Kigoma, kioo kinachong'aa kinakuonyesha uso wako na dirisha lililo nyuma yako kuliko kazi yako.

Tuongeze jambo moja ambalo walimu wa vyuo hulirudia sana. Kioo hutengeneza rangi kwa mwanga, mashine ya chapa hutengeneza kwa wino wa sayani, majenta, njano na nyeusi. Ziko rangi kali za mwanga ambazo wino hauwezi kuzifikia, kama ule ubuluu mkali wa ziwa saa nne asubuhi. Kwa hiyo hata mwenye kioo kizuri achape karatasi moja ya majaribio kabla ya kuagiza mabango hamsini.

RAM, DISKI NA PROSESA

Hapa tutumie hesabu badala ya maneno ya dukani. Bango la ukubwa wa A3 kwa nukta 300 kila inchi lina nukta 3508 kwa 4961, yaani zaidi ya milioni 17. Kwa rangi nne za wino, kila nukta inachukua baiti 4, hivyo tabaka moja lililojaa ni takriban megabaiti 70. Mbunifu hufanya kazi kwa matabaka: picha ya nyuma, kivuli, maandishi, mapambo. Matabaka kumi yaliyojaa ni megabaiti 700, na programu huweka pia kumbukumbu ya hatua ulizopita ili uweze kurudi nyuma. Bado Windows yenyewe na kivinjari havijahesabiwa. Ndiyo maana laptopu ya RAM ya GB 4 huganda katikati ya kazi. GB 8 ni ya kuanzia, GB 16 ndiyo ya kufanyia kazi. Muulize muuzaji kama RAM inaongezeka, kwa sababu kwenye baadhi ya laptopu nyembamba imegandishwa ndani na haiongezeki milele.

Diski iwe SSD, walau GB 256. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka na sindano inayoisoma. Ni nzito kufungua mafaili, na haistahimili safari ya basi kutoka hapa hadi Dar es Salaam ikiwa inafanya kazi.

Prosesa ndiyo yenye udanganyifu mwingi. Mtu anaambiwa "hii ni Core i5" anaridhika, kumbe i5 zimetoka vizazi vingi. Soma namba kamili. i5-4300U ni ya kizazi cha nne, i5-8250U ni ya kizazi cha nane, i5-10210U ni ya kizazi cha kumi. Tofauti hii imekuwa nzito zaidi tangu Oktoba 14, 2025, siku Microsoft ilipositisha msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 inataka kizazi cha nane na kuendelea kwa prosesa za Intel, isipokuwa chache sana. Kati ya laptopu za ofisini zilizotumika, HP EliteBook 840 G5, Lenovo ThinkPad T480 na Dell Latitude 7490 kwa kawaida ni za kizazi hicho, ila soma namba ya prosesa kabla ya kununua. Ndugu zao wa nyuma yao kidogo, kama 840 G3, wanafanana nazo kwa sura lakini mlango wa Windows 11 umefungwa kwao. Hata hizo tulizozitaja zilitoka na vioo vya aina tofauti, kwa hiyo jaribio la kuchutama libaki palepale.

Vijana wanapenda sana laptopu za michezo ya kompyuta, zenye taa nyekundu chini ya kibodi. Kadi kubwa ya michoro ina faida kwa anayetengeneza video au michoro ya pande tatu. Kwa mabango na majalada ni fedha iliyolala. Na MacBook? Vioo vyake ni vizuri kwelikweli. Lakini zile za zamani zenye prosesa ya Intel, Apple imetangaza kuwa toleo la macOS la mwaka 2025 ndilo la mwisho kwao. Anayeitaka aanzie zenye M1, zilizotoka Novemba 2020, akijua kwamba RAM yake haiongezeki.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Wanafunzi wetu waliosoma mlango wa biashara katika Matni Abi Shujaa wanaijua hiari ya mnunuzi. Wauzianao wana hiari maadamu hawajaachana. Wanaweza kushurutishiana hiari hadi siku tatu. Na bidhaa ikidhihirika ina aibu ya tangu kwa muuzaji, mnunuzi ana haki ya kuirudisha. Elimu hiyo itumike dukani. Laptopu iliyotumika iombewe hiari ya siku tatu, iandikwe kwenye risiti. Muuzaji anayeijua aibu ya mashine na kuinyamazia anapata dhambi, hata kama ukutani ameandika kuwa mali ikiuzwa hairudishwi. Lakini kutoka Kigoma hadi Kariakoo kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na haki iliyo mbali hivyo ni ghali kuidai. Kwa hiyo anayeagiza amteue wakili mwaminifu aliye huko, ampe orodha ya kukagua, na fedha itoke baada ya ukaguzi.

Wakili huyo aandike amri ya powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri la Windows, alinganishe uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wake wa sasa. Ikiwa imebaki nusu, bei ishuke. Azime na kuwasha aone kama kuna neno la siri la mwenye mashine wa kwanza. Ajaribu kila kitufe na kila tundu.

Wanaokopeshwa na duka, bei ya mkopo ijulikane siku ya mkataba na isiongezeke kwa kuchelewa. Nyongeza ya kuchelewa ni riba.

Programu nazo zina hukumu yake. Mafundi wengi huweka Photoshop ya wizi kama zawadi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano huko Kuwait Desemba 1988, liliamua kuwa haki za utunzi na uvumbuzi ni za wenyewe na haijuzu kuzivamia. Zipo programu za bure na za halali: Inkscape kwa nembo, GIMP kwa picha, Krita kwa kuchora, Scribus kwa kurasa. Inkscape huunganisha vizuri herufi za Kiarabu, jambo ambalo kijana wa madrasa ataombwa kulifanya mara nyingi. Tumeona mabango ambayo jina tukufu limeandikwa kwa herufi zilizotengana na kugeuzwa kinyume, kwa sababu tu programu haikupangwa kwa Kiarabu.

YA MEZANI AU LAPTOPU?

Kwa fedha ileile, kompyuta ya mezani ina nguvu zaidi. Lakini umeme ukikatika kazi isiyohifadhiwa inapotea. Mji wetu uliendeshwa kwa majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, mkoa ukaanza kuunganishwa na Gridi ya Taifa mwaka 2022, na bado mwenye kompyuta ya mezani anahitaji UPS. Mwanafunzi anayehama bweni aanze na laptopu. Mwaka wa pili, fedha ikipatikana, aongeze kioo cha mezani cha IPS cha inchi 24 chenye 100% sRGB, akiunganishe kwa waya wa HDMI. Asichukue cha inchi 27 chenye nukta zilezile 1920 kwa 1080, maana nukta zimetanuliwa tu na maandishi yanaonekana yamekatika. Akifika nacho chumbani, akiweke ubavuni mwa dirisha badala ya kukielekeza dirishani, apunguze mwanga wake hadi karatasi nyeupe iliyo mezani na ukurasa mweupe wa kwenye kioo vifanane, ndipo aanze kupanga rangi.