Makazi Ughaibuni na Lugha ya Mtoto: Mfano wa Abagusii

Familia changa inapoondoka Kisii au Nyamira kuelekea Marekani, suala la makazi hutangulia mengine. Aghalabu jibu huwa Minnesota, hususan Brooklyn Park na Brooklyn Center, viunga vya Minneapolis ambako Abagusii wengi wamelowea.

Sababu ni bayana. Licha ya baridi kali, pana kazi katika hospitali na makao ya wazee. Pana makanisa ya Waadventista Wasabato wenye asili ya Kenya. Tena pana jamaa wa kumwangalia mtoto mzazi awapo kwenye zamu ya usiku. Ahamiaye mji asikojuana na mtu humlipa mlezi sehemu kubwa ya mshahara.

Shule nayo huzingatiwa. Nchini humo, mtaa inakoishi familia ndio aghalabu huamua shule ya umma atakayosoma mtoto, na kodi nafuu na shule bora hazipatikani daima mahali pamoja. Minnesota huruhusu wazazi kuomba nafasi katika wilaya nyingine ya elimu, ingawa usafiri huweza kuwa mzigo wao.

Hata hivyo, lipo jambo lisiloandikwa katika mkataba wa nyumba, nalo ni lugha. Kiingereza mtoto atakipata popote. Ekegusii na Kiswahili hazina mwalimu ila nyumba, kanisa na majirani. Mtoto asiyezisikia lugha hizo atahitaji mkalimani siku atakapopigiwa simu na magokoro, yaani nyanya yake, aliyeko Nyamira. Samaki mkunje angali mbichi. Achaguaye mtaa humchagulia mwanawe watu wa kuzungumza nao.